Ile "Yes" Niliyomwitikia Mnunuzi wa Asali

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sijaisahau wala sitaki kuisahau, maana aibu yake ndiyo iliyonifungulia duka hili la asali unaloliona hapa Kibondo. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nina mizinga ya magome msituni upande wa Kasulu, na kichwa kigumu kuliko mizinga yenyewe.

Shule niliiacha darasa la nne. Sikufeli, baba alikufa, jembe likanisubiri. Leo nalisema hilo bila haya, kwa sababu kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono hii. Lakini wakati ule niliona haya sana, na mwenye haya ya elimu hufanya vituko. Nilipata kijitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, nikakariri vitenzi: "put" ni weka, "take" ni chukua, "look" ni tazama, "hold" ni shika. Nilivijua kimoja kimoja, kama mtu anavyowajua mbuzi wake. Wenzangu wakanipachika jina la Mwingereza, nami nikaliitikia. Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma.

Tulikuwa warina asali kumi na wawili kwenye kikundi chetu, mwenyekiti akiwa Mzee Gwasa. Asali yetu ya kila msimu ilikuwa ikiishia kwa wapika pombe, kwa bei ya kuhurumiwa. Mara tukasikia anakuja mnunuzi wa kigeni anayetafuta asali ya msituni. Bahati ya namna hiyo ilikuwa haijawahi kupita njia yetu. Mwenzetu Bwitonzi akaanza kuhesabu bati za kuezekea nyumba kabla hata mgeni hajafika.

Mzee Gwasa akashauri tumwite Mama Riziki, mkimbizi wa Kongo aliyekuwa akiishi kambi ya Nyarugusu na kuuza maandazi sokoni. Mama huyo Kiingereza alikuwa amekipata kwa kufanya kazi na watu wa misaada.

Nikaruka. "Mzee, mama wa maandazi atusemee, na mimi nipo? Tutachekwa!"

"Utaweza?"

"Kiingereza nakijua, mzee."

"Kukijua na kukiringia ni vitu viwili," akasema. Lakini akanikubalia, maana alinipenda.

Mgeni akaja, tukaketi naye kwenye stoo ya kikundi. Alipoanza kusema nikafurahi, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale ya kijitabu changu. Furaha hiyo haikufika mbali. Kila neno lilikuja na mkia wake: "take out", "put away", "look into", "hold off". Yakanipita masikioni kama nyuki waliochokozwa. Na usidhani nilielewa vibaya. Sikuelewa kabisa, na nilijua kwamba sielewi.

Sasa sikiliza desturi yetu sisi Waha. Mkubwa akizungumza, mdogo hakai kimya kama jiwe. Kila mkubwa anapotua, unaitikia "ego", yaani ndiyo, huku viganja vinagongana taratibu. Ndiyo hiyo haisemi nimekubali wala nimeelewa. Inasema: nipo, nakuheshimu, endelea. Na kumwambia mkubwa arudie ni kama kumwambia hajui kusema. Ndivyo nilivyolelewa. Basi kila yule bwana alipotua, mimi "yes, sir", na viganja pa, pa. Akauliza jambo, "yes, sir". Akaliuliza tena, safari hii akinitazama machoni. "Yes, sir", kwa heshima iliyozidi ya kwanza. Akaridhika, akatupa mkono mmoja mmoja, akaondoka.

Hadi hapo kosa lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja wenzangu waliponizunguka: "Haya, Mwingereza, kasemaje?"

Ningeweza kusema sijui. Badala yake nikasema, "Kaisifu asali yetu. Kasema turine yote, tujaze, akirudi aikute tayari." Ulimi haukutetemeka hata kidogo.

Tukarina wiki mbili. Ndoo hazikutosha, tukachukua madumu ya mawese, tukayasugua kwa majivu na maji ya moto. Mmoja alipouliza kama mgeni hatakasirika, nikamjibu kwa ukali kwamba mambo hayo tumeshaongea. Aliyekosa kurina ni Mzee Gwasa peke yake, kwa kuwa mguu ulikuwa umemvimba.

Mgeni aliporudi, gari lake lilijaa ndoo mpya nyeupe zenye mifuniko. Alipoyaona madumu akasimama. Akafungua moja, akanusa, akalifunga. Kisha akaniambia maneno, nami kwa mazoea nikaanza "yes, sir" na viganja vyangu. Mzee Gwasa akaichukua mikono yangu yote miwili, akaishika.

"Acha," akasema. Akatuma mtu sokoni.

Mama Riziki akaja na unga mikononi. Akamsikiliza mgeni, akatugeukia.

"Bon. Anasema aliwaambia 'hold off', ni kusema mungoje, musirine mpaka arudi na ndoo zake. Asali hii inanuka mawese, kwao hawataitaka. Anasema aliuliza mara mbili kama mumesikia. Huyu papa akasema yes mara mbili."

Bwitonzi akanitazama. "Mwingereza, umetumaliza," akasema, tena kwa sauti ya chini. Angenitukana ningepata nafuu.

Mzee Gwasa hakupandisha sauti. "Mwanangu, ego ni ya heshima. Lakini umemwitikia mgeni ukamwacha gizani, na sisi ukatuongoza humo humo. Heshima gani hiyo? Mwambie sasa. Kwa mdomo wako, si wa mama huyu."

Nikasema: "Sir, I did not understand. I said yes. I am sorry." Maneno hayo yote yalikuwamo kijitabuni, nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Mficha uchi hazai.

Yule bwana akauliza kama upo mzinga ambao haujaguswa. Ikawapo mizinga ya Mzee Gwasa. Tukaenda naye msituni, zikajaa ndoo nne tu, lakini zilimrudisha msimu uliofuata. Iliyobaki yote ikaenda kwenye pombe. Bwitonzi aliezeka nyasi mwaka ule, na msimu mpya ulipoanza nilimpandishia mizinga yake mtini mmoja mmoja, bila kuombwa.

Kisha nikaenda kwa Mama Riziki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Mwingereza wa Kasulu!" akacheka mpaka wateja wakageuka. "Leo umekumbuka mama wa maandazi? Niambie, papa, Kiswahili ulijifunzia wapi?"

"Sokoni, mama. Nyumbani tulisema Kiha."

"Na kupiga simu, kupiga pasi, kupiga magoti, ulisoma kwa kitabu? Siku ya kwanza kupiga hodi, mulango uliuchapa fimbo?"

Nikacheka na mimi. Kupiga hodi nilijifunza nikiwa nimesimama mlangoni kwa watu. Tangu siku hiyo akanifundisha vivyo hivyo. "Put out" niliipata nikizima moto wake, "pick up" nikinyanyua beseni, "look after" nikilinda mafuta yasiungue. Unga ulipoisha alikung'uta mfuko mbele yangu: "We have run out." Sikulisahau, maana nilitumwa kununua mwingine. Kwa Kiingereza hicho ndipo nikaanza kuwauzia wageni asali mwenyewe, hadi likapatikana duka hili.

Ninyi mnabeba simu, mnakariri maneno mia kwa siku, mnapeana alama. Nasema bila kuficha: huko ni kukusanya mbegu bila shamba. Kitenzi cha Kiingereza ukikikuta na mwenzake, wachukue wote wawili, uwafunge kwenye kazi wanayoifanya. Litumie neno siku hiyo hiyo, ukikosea uchekwe, kesho ulirudie. Usichague mwalimu kwa nguo zake. Anayejua ndiye mkubwa kwa saa ile. Na usipoelewa, sema hujaelewa, hata aliye mbele yako akiwa mwenye cheo, hata wenzako wakiwa wanakutazama. Hasa wakiwa wanakutazama, kwa sababu wao ndio watakaorina kwa neno lako.

Nenda basi. Mungu akupe sikio pana kuliko mdomo, akulainishie ulimi mbele ya wageni, na akukutanishe na watu watakaokucheka usoni kisha wakufundishe.