Watani Waliovuka Mpaka Kuja Matangani

Mama alipofariki nilikuwa Malindi. Nilifika nyumbani Bofu wameshamzika, maana kwetu maiti hamngoji msafiri, na mimi maisha yangu yote nimekuwa msafiri. Tanga nimekaa, Pangani nimekaa, Lamu nimeuza kamba za manila. Kote huko niliikumbuka Bofu, na nikirudi Bofu, haupiti muda nyayo huanza kuniwasha.

Dada yangu mkubwa nilimkuta ukumbini, ameketi jamvini, simu mapajani. Nilidhani anamlilia mama kimoyomoyo. Kumbe alikuwa na la pili.

Dada huuza ng'onda, samaki waliopasuliwa wakakaushwa kwa chumvi. Huwanunua kwa akina mama wa ng'ambo ya mpaka wa nchi, upande wa Tanga. Miaka kadhaa nyuma, yeye na akina mama hao walianzisha kikao cha wavuvi na wachuuzi wa pande zote mbili. Mara hukaa kwao, mara hukaa kwetu, hapo hapo nyumbani kwa mama. Nyavu zikichanwa, mashua ikipotea, wavuvi wakitukanana baharini, kikao huwaita wahusika, chai hunywewa, neno likaisha. Hakuna mwandishi aliyewahi kuja kutupiga picha.

Mwaka huu yakatokea ya mpakani. Vijana waligombania mahali pa kutega nyavu, mapanga yakatoka. Mashua zilichomwa, na kila upande ukazika kijana wake. Moja ya zilizoungua ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Kikao kilichofuata kilikuwa zamu yetu, lakini watu wakaanza kujitoa kwenye kundi la simu mmoja mmoja. Shemeji alimwambia mkewe wazi, "Wakija hapa, mimi sitakuwapo." Siku ya kikao ikapita, na wenzetu wa ng'ambo nao wakanyamaza.

"Kikao kikianza kuruka zamu, kimekufa," dada aliniambia. "Na siku vijana wakishikiana mapanga tena, nitampigia nani simu?"

Kulibaki uzi mmoja. Ukoo wa mama una utani na ukoo wa hao hao wenziwe dada, tangu enzi za mababu. Mtani wako akifiwa, huendi kulia tu. Unakwenda kuvaa nguo za marehemu, kumwiga, kuwatukana wafiwa mpaka wacheke, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Masheikh wengine hawalipendi jambo hili, lakini halijaisha. Matanga yakikosa watani, watu husema marehemu hakuwa na watu.

"Umewapelekea habari?" nikamwuliza.

"Nimewapelekea. Wamesoma. Hawajajibu."

Walikuja siku ya hitima, baada ya adhuhuri, wanawake wanne waliochoka na njia. Walitoa salamu, tukaitikia. Wakaketi pembeni mwa jamvi, magoti pamoja, kama watu wanaosubiri daktari. Walitupa pole kwa sauti ndogo, kisha wakaulizia ugonjwa wa mama. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtani anayekusalimu kwa adabu amekuhama.

Shemeji alikuwapo. Matanga ya mkwe hayakimbiwi. Alisimama ameegemea mlango wa jikoni, kikombe mkononi, akiwatazama bila kupepesa.

Basi yule mkubwa wao akainuka, akaingia chumbani kwa mama bila kuomba ruhusa. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya mama, mkono mmoja kiunoni, akiburuta mguu wa kushoto vile vile alivyokuwa akiuburuta mama.

"Nani kaacha mlango wazi? Mwataka kuku waje walale kitandani mwangu?"

Sauti ilikuwa ya mama. Nyuma yangu mtu alipaliwa na chai. Dada alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakimtikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Na wewe," akaninyooshea kidole. "Umerudi? Leo umekosa nauli ya kwenda mbali?"

"Nimekuja kukuzika, mama."

"Umechelewa. Nimejizika mwenyewe."

Ukumbi mzima ukacheka. Yeye akamgeukia dada.

"Na kikao changu kiko wapi? Yaani nimewapa kisogo tu, mshakunja jamvi?"

Kicheko kikakatika. Shemeji akaweka kikombe chini.

"Mtani," akasema, "kabla hujauliza kikao, niulizie mashua yangu."

Yule mama angeweza kuivua kanga pale pale, akawa mgeni, akaomba radhi za kigeni. Hakuivua.

"Ile mashua? Ile ilikuwa ikivuja tangu siku iliyoshushwa majini, mwanangu. Ulikuwa ukivua maji, si samaki. Walioichoma wamekupunguzia kazi."

Hakuna aliyecheka. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, polepole, "Na yule tuliyemzika kwetu ni mtoto wa dada yangu."

Shemeji alijinyoosha kutoka mlangoni.

"Wallahi sikujua," akasema.

"Ungejuaje? Kikao hakikukaa."

Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Shemeji aliinama, akaokota kikombe chake, akachungulia ndani kama aliyeona mdudu.

"Chai imepoa," akasema. "Waleteeni nyingine ya moto hawa waliofuata matanga kwa njaa. Na wewe mtani, vua kanga ya mkwe wangu. Unaipanua."

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Dada aliondoa ushungi usoni, na macho yake, makavu tangu nilipofika, yalikuwa yamelowa.

Kabla hawajaondoka walipanga kikao kikae kwetu mfungo sita, mwezi wa maulidi. Sitasema kila mtu alirudi. Wapo wenye mashua ambao hata leo dada akiwapitia nyumbani huambiwa wamelala. Lakini wengine walirudi kwenye kundi, na mimi, niliyekuwa na safari ya Mtwara, nikaiahirisha ili nimsaidie kubeba majamvi.

Siku ilipofika, shemeji aliingia wa mwisho. Hakuahidi kwamba angekuja. Aliketi karibu na mlango, viatu mkononi, kama mtu wa kuondoka sasa hivi. Yalisemwa mengi, mengine ya kuumiza, na mara mbili alinyanyua goti. Kikao kikafungwa kwa dua, chai ikaletwa, na yeye alikuwa bado amekaa pale pale, viatu mkononi, akimwuliza yule mtani aliyevaa kanga ya mama ni nani huko kwao anayejua kuchonga mashua isiyovuja.