Kituku Akataa Darubini Tatu za Makau

Saa mbili asubuhi, mbele ya duka la Makau mjini Voi, mtu mzima mwenye mvi amelala kifudifudi juu ya gunia la mahindi. Jicho moja amelifumba, jingine amelibandika kwenye darubini. Yeye anatazama mbuzi walio kwenye kilima cha Mwakingali, na wapita njia wamesimama wanamtazama yeye.

"Hii nayo ni mbovu," anasema, akiinuka na kujipangusa vumbi. "Ina ukungu ndani. Toa ingine."

Hiyo ni ya tatu. Makau, mwenye duka, alipigana Burma na sasa anauza vitu vilivyotumika jeshini. Uvumilivu unaanza kumwishia.

"Kituku, umekuja kununua ama umekuja kunitukania mali?"

Watu wanacheka. Hakuna asiyemjua Kituku hapa Voi. Kwa miaka ishirini na miwili amewaongoza nyikani wawindaji wenye leseni, yeye mbele, bunduki nyuma yake. Baba yake alikuwa fundi wa upinde, na yeye pia alipiga mshale kabla ya kuajiriwa. Ndovu akipunga sikio ng'ambo ya korongo, Kituku ndiye wa kwanza kumwona. Kwa macho hayo anapata shilingi tisini kwa mwezi, na yeye na mkewe Kalondu wanasomesha watoto wanne pale Mraru.

Darubini hakuwahi kuzishika. Aliziita miwani ya wavivu. Lakini mwezi uliopita alimwona ndovu kwa mbali sana, akaapa kuwa ana pembe mbili ndefu. Walimfuata siku mbili, maji yakawaishia, wakamkuta pembe moja imevunjika zamani. Walirudi mikono mitupu. Jana bwana aliyemwajiri akamwita.

"Aliniambia, nenda kachague darubini mwenyewe, kwa sababu wewe ndiye utakayeitumia," anasema Kituku. "Safari mpya inaanza Jumatatu."

Makau anaichukua ile darubini ya tatu na kulala yeye juu ya gunia.

"Mbuzi saba," anasema. "Mmoja mweusi, ana kengele. Ukungu uko wapi?"

Kisha anageuka polepole.

"Unatazama na jicho gani?"

"La kulia."

"Jaribu la kushoto."

Mpiga upinde wa huku hafumbi jicho. Kituku ameitazama dunia kwa macho mawili tangu utotoni, na asubuhi hii ndiyo mara ya kwanza maishani kuliachia jicho moja kazi peke yake. Anainama tena kwenye darubini.

"Yule mweusi anatafuna," anasema kwa sauti ndogo.

Anasimama. Analifunika jicho la kushoto kwa kiganja, anageukia stesheni, ambako tangi la maji la reli limesimama, kubwa kuliko nyumba.

"Tangi liko wapi?" anauliza.

Mama mmoja mwenye kikapu anajishika mdomo. Mwandishi huyu amehudhuria kesi na misiba mingi, lakini hakuwahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

Makau anamkalisha kwenye kreti na kumletea chai. Hapo ndipo habari ya nyoka inapotoka. Miaka mitano iliyopita swila alimtemea sumu jichoni. Kalondu alimwosha kwa maziwa ya mbuzi, siku ya tatu maumivu yakaisha, na shughuli zikaendelea.

"Liliacha kuuma, nikasema limepona," anasema. "Miaka mitano, bwana! Na mimi nalipwa kuona!"

Sote tunadhani sasa ataililia kazi yake. Yeye anataja jina moja tu.

"Noah."

Noah ni mtu wa Werugha aliyekuwa akitembea nyuma ya Kituku safari zote. Miaka miwili iliyopita nyati alitoka upande wa kulia, akampita Kituku, akamvunja Noah mguu mara mbili. Akiwa bado juu ya machela, Noah alisema nyati yule alikuwa amesimama wazi kabisa na Kituku akampita bila kumwona. Kituku alisema upande ule hapakuwa na kitu, na kwamba Noah aliacha njia akamchokoza mnyama kichakani.

Nani angeamini kwamba Kituku anaweza kumpita nyati? Noah alifukuzwa kwa uzembe. Leo analima kabichi kwa mkongojo.

"Nilimwita mwongo," Kituku anasema, na sasa machozi yanatoka katika macho yote mawili, lile zima na lile lililokufa. "Mbele ya watu nilimwita mwongo, na alikuwa anasema kile alichokiona."

Makau anainama karibu naye. Ameshika darubini ndogo, nyepesi, ya kuning'iniza begani.

"Chukua hii. La kushoto liko sawa. Hapa hakuna mtu atasema."

Kituku anaipima mkononi. Ingemfaa. Jumatatu angekuwa kazini, na watoto wangebaki shule. Anaitazama muda mrefu, kisha anairudisha.

"Nipe ile," anasema, akionyesha kubwa iliyo juu ya rafu, yenye miguu mitatu ya chuma.

"Hiyo ni mzigo! Si ya kutembea nayo, ni ya mtu aliyekaa."

"Ndiyo hiyo."

Sasa anachagua kweli. Anaifungua miguu na kuikandamiza chini aone kama inacheza. Anaitikisa karibu na sikio. Anaagiza shaba yote ifungwe kitambaa, kwa kuwa mnyama huona kinachong'aa kabla wewe hujamwona. Makau anamwonya kwamba adhuhuri hewa ikichemka hata kioo hiki hakioni mbali, akitumie asubuhi na jioni.

"Nitamwambia," anajibu Kituku.

"Utamwambia nani?"

"Noah ana macho mawili. Akikaa juu ya kilima na hii, hahitaji mguu. Mimi nitaibeba, na nyayo bado nazisoma, ziko hapa chini karibu."

Na bwana wake je? Kituku anasema Jumatatu atamweleza yote, kuanzia nyoka hadi nyati. "Akinifukuza, ana haki. Lakini Noah kwanza."

Saa saba mchana anapanda lori lililoleta kabichi, linalorudi tupu Werugha. Darubini ameipakata, miguu yake mitatu imetokeza juu ya bega. Mwandishi anamuuliza atafanya nini ikiwa Noah hatataka kumsikia.

"Ana haki pia," anasema. "Lakini nitakaa upande ambao jicho langu zima linamwona. Siku ile nilipomwita mwongo alinijibu akiwa kulia kwangu, na sikugeuka."