Nakala ya Mama Niliyosafiri Nayo

Simu ilinikuta Dar es Salaam nikigombana na kompyuta. Ilikuwa miaka ya soko huria, kila mwenye mtaji akiuza mafuta, na kampuni ndogo iliyoniajiri ilikuwa imenunua mashine kuukuu ya kupima matangi. Kiini cha mfumo, programu inayoongoza mashine nzima, kilipokea kipimo kipya na kukiandika kwenye kumbukumbu. Programu yangu ilisoma kumbukumbu hiyohiyo kwa anwani nyingine, kama mlango wa pili wa chumba kilekile. Tatizo lilikuwa kache, pale prosesa, ubongo wa kompyuta, inapoweka nakala za karibu ili isihangaike kwenda mbali: kila anwani ilikuwa na nakala yake. Tangi likakauka, skrini yangu ikang'ang'ania kwamba limejaa. Hakuna aliyedanganya, kila upande ulisema ulichokuwa nacho. Dawa yake ni kuamuru kipimo kipya kishushwe kwenye kumbukumbu, na nakala ya zamani itupwe kabla programu haijasoma.

Aliyepiga alikuwa mjomba, kaka yake mama. "Mama yako anaumwa kidogo. Njoo."

Kwetu Kyela mtu aliye mbali hapewi msiba kwa simu. Anaambiwa kuna mgonjwa, ili afike salama. Nalijua hilo tangu utoto, na bado nilimnunulia mama dawa ya kifua na kitenge. Moyo ulikataa kutupa nakala yake.

Mjomba alinipokea stendi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiuachie. "Dada yangu ametutoka, mwanangu." Nililia palepale, katikati ya magunia ya mchele, wala sikuona aibu. Nilipotulia akaniagiza nipitie Makwale nimchukue mdogo wangu wa kike, aliyeolewa huko.

"Hajaambiwa. Wewe mwambie anaumwa tu."

Nilikasirika. Mimi ninayelipwa kufukuza habari zilizochacha, leo nikapeleke moja kwa mkono wangu! Lakini mkubwa akishasema, amesema. Nikaenda.

Nilimkuta jikoni. "Ugonile, kaka," alisalimia, bila kunitazama usoni. Nikamwambia mama anaumwa kidogo.

"Haya, twende tukamwone," akajibu, akajaza uji wa mchele kwenye chupa ya chai.

Kwenye pikapu ya kuelekea Matema, upande wa nyumbani, aliipakata chupa ile, na kila gari liliporuka shimoni aliikumbatia. Mimi nilikodolea macho mashamba ya kokoa. Uji ule uliniuma kuliko maneno ya mjomba, maana nilijua hakuna wa kuunywa. Mara mbili nilitaka kumwambia, nikaogopa atajitupa chini ya gari.

Tuliposhuka kwenye njia ya nyumbani, vilio vilisikika kutoka upande wa migomba. Nikamzuia njia ili nimwambie, akaniwahi.

"Najua, kaka," akasema. "Mama mkwe aliniambia asubuhi. Akasema wewe bado hujajua, nisikulilie mpaka nikufikishe."

Tukatazamana. Njia nzima kila mmoja alikuwa amemfichia mwenzake.

Akafungua chupa, akamimina kwenye kifuniko. "Kunywa. Nilikupikia wewe. Tangu Dar hujala kitu, na ukishaingia mle hutakula."

Nikanywa nimesimama, yeye akinishikia mkoba. Alisubiri nimalize, ndipo akaanza kulia.