Dumu la Posa

Hivi wewe, umeshawahi kumwombea mtu akosee? Sisemi kumwombea afe au augue. Akosee tu: asimame mbele za watu na hesabu zake nadhifu, hesabu zimgeuke, na wewe ukae nyuma umekunja mikono, ukijisemea moyoni, "Si nilisema?"

Venance aliomba hivyo karibu msimu mzima wa mvua, na alikuwa mtu mwema. Hilo la wema lishike vizuri, maana bila hilo utamhukumu haraka.

Alikuwa mtunza stoo wa shule moja ya bweni katika kata ya Mugoma, wilayani Ngara. Maharage, unga, sabuni, kuni, dawa ya kunguni, vyote vilipita mikononi mwake, na funguo zilining'inia kiunoni pake hata siku ya ibada. Kati ya vyote hivyo, kuni ndizo zilizomnyima raha. Alilelewa na shangazi yake karibu na Lukole, miaka ile ya kambi za wakimbizi, akaona vilima vikivuliwa miti hadi vikabaki visiki, kisha visiki navyo vikang'olewa. Hakumlaumu mkimbizi yeyote. Mtu mwenye njaa hupika kwa kilichopo. Lakini vile vilima vitupu havikumtoka. Kila lori lilipomwaga kuni nyuma ya jiko la shule, aliviona upya.

Kwa hiyo kila mwaka aliiomba bodi ya shule inunue majiko banifu, yale yanayokula kuni nusu. Na kila mwaka bodi ilimjibu, "Wazo zuri, Venance," ikaendelea na ajenda ya uzio. Tuseme ukweli: taasisi zetu hupenda mazingira siku ya kupanda miti, mgeni rasmi akiwepo na mpiga picha akiwepo. Siku ya kununua, mazingira hayaalikwi.

Basi akaja Leonsia.

Alitoka Biharamulo, afisa ununuzi mpya, amemaliza chuo juzijuzi. Alivaa raba nyeupe ambazo, kwa namna asiyoielewa mtu, hazikuchafuliwa na udongo mwekundu wa Mugoma. Siku ya kwanza aliingia stoo, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee Venance."

Venance alikuwa bado hajafikisha miaka arobaini na tano. Aliitika "marahaba" kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Haikuchukua muda. Mkuu wa shule, Mwalimu Magdalena, ambaye Venance alizoea kumsubiri nje ya mlango wake, sasa alikuwa anamfuata Leonsia mwenyewe uwanjani ili amwulize jambo. Walimu walimwita kwenye chai yao. Hata nyumbani hapakuwa na pa kupumzikia. Binti yake Diana, aliyekuwa kidato cha pili shuleni hapohapo, alianza kila sentensi kwa "dada Leonsia anasema."

"Baba, dada Leonsia anasema ukinunua kitu unanunua na mwisho wake. Unanunua na mahali kitakapotupwa."

"Mwambie dada Leonsia ugali unapoa," Venance alijibu.

Diana alicheka. Baba yake hakuwa ametania.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba Leonsia alikuwa anasema mambo yaleyale. Kununua bila kuiumiza ardhi! Si ndiyo aliyoyasema yeye tangu binti huyo yuko shule ya msingi? Tofauti ni kwamba yeye aliposema, watu walitazama saa. Leonsia akisema, watu waliandika.

Bodi ilipokutana, Leonsia alibandika karatasi kubwa ukutani. Alikuwa ameorodhesha vitu vinavyonunuliwa na shule, na mbele ya kila kimoja ameuliza maswali matatu. Kikileta madhara, madhara yenyewe ni makubwa kiasi gani? Yana uwezekano gani wa kutokea? Na je, sisi tunaweza kuyazuia kwa kununua namna nyingine? Jibu la kwanza alilizidisha kwa la pili, la tatu likamwonyesha pa kuanzia. Hela ya shule haitoshi kurekebisha vyote, alisema, basi tusianze na kinachoonekana kwa macho, tuanze na chenye hatari kubwa tunayoiweza.

Venance alitafuta kuni kwa macho. Zilikuwa za pili. Ya kwanza ilikuwa dawa ya kunguni.

Hapo inabidi ujue jambo moja. Mugoma, dumu tupu si takataka. Kila mwisho wa muhula stoo iligawa madumu yake: ya mafuta ya kula, ya sabuni, na yale ya dawa ya kunguni, ambayo ndiyo magumu kuliko yote, hayapasuki hata yakianguka na punda. Watu walijua kuyaosha. Unatia majivu na kokoto, unatikisa, unamimina maji ya moto, unarudia, kisha unaliinamisha dumu juu ya kigingi cha uzio lipigwe na jua wiki nzima. Likiacha kunuka, limetakata. Humo hutiwa maji, hutiwa maziwa, na siku ya posa hutiwa pombe ya ndizi, mdomo ukazibwa kwa jani la mgomba, vijana wakalibeba kichwani hadi kwa wakwe. Huwezi kwenda kuposa na kreti la soda ukaheshimika. Na aliyetoa dumu hupewa kikombe cha mwanzo. Venance alikunywa vikombe vya mwanzo katika nyumba nyingi. Wapishi walimwita Baba wa Madumu, na jina hilo alilipenda kuliko alivyokubali.

Sasa binti wa raba nyeupe alikuwa anaelekeza kidole kwenye madumu hayo.

"Kuni ni tatizo kubwa," Leonsia alisema, "ila tunazonunua siku hizi ni za mikaratusi ya kupandwa, na majiko yanahitaji fedha ambayo mwaka huu haipo. Tukichelewa mwaka mmoja tutaumia, lakini tutaweza kurudi nyuma tukarekebisha. Dawa ni tofauti. Tunainunua kidogo, kwa bei ndogo, ndiyo maana hakuna anayeitazama. Lakini dumu lake linaingia jikoni kwa mtu."

"Watu wanayaosha," Venance alisema.

"Wanayaosha vizuri sana, mzee wangu. Wakiwa na nafasi. Mimi naiogopa ile siku ambayo mtu ana haraka."

"Watoto wa hapa wamekunywa maziwa ya madumu hayo tangu zamani. Nionyeshe kaburi moja."

Mwalimu Magdalena akavua miwani.

"Venance, kwani tusubiri kaburi ndipo tununue vizuri?"

Wajumbe waliguna kukubali, mmoja akagonga meza. Ikapitishwa palepale: dawa itanunuliwa kwa mfanyabiashara wa Lusahunga anayepokea madumu yake yakiisha, na yale matupu yaliyomo stoo yatobolewe yote kwa msumari kabla ya Jumamosi. Mtobolewa akiwa dumu, mtoboaji akiwa Venance.

"Na lile la majiko la mzee Venance," Leonsia aliongeza kwa tabasamu, "ni wazo zuri sana. Nimeliweka la pili."

Alisema kwa nia njema kabisa. Venance alisikia neno moja tu: pili.

Ijumaa alikaa mbele ya stoo na nyundo. Ng'washi, mpishi mkuu, mama wa Kisukuma aliyehamia kutoka Shinyanga na mdomo wake mzimamzima, alisimama akimtazama huku anakaushia mikono kwenye kitenge.

"Baba wa Madumu, umevuliwa ubaba! Sasa pombe tutabebea nini? Kofia?"

"Muulize dada yenu."

"Aa, yule simuulizi. Yule namsikiliza." Akacheka, akaenda zake.

Hata Ng'washi! Venance alipiga msumari kwa nguvu iliyozidi mahitaji. Dumu la kwanza, la pili, la tano. Wivu una kazi yake ya mikono. Unaweza kutoboa mabati. Alikuwa amebakiza moja, zuri, la njano, lililoisha dawa wiki hiyohiyo, alipomwona shemeji yake Anastazi akipandisha njia, mwavuli mkononi, uso umejaa sherehe.

"Baba Diana! Nimefika wakati mzuri. Kesho asubuhi tunampeleka mwanangu Juvenali kuposa, nawe ni mzee wetu, usichelewe. Pombe imeiva, inachemka yenyewe. Nimekuja kwa dumu."

"Yametobolewa, shemeji. Amri."

"Amri ya nani?"

"Ya Leonsia."

"Yule mtoto wa raba nyeupe?" Anastazi alitupa kichwa nyuma. "Jamani! Kwa hiyo Mugoma siku hizi inatawaliwa na viatu?"

Oo, kicheko kile! Venance alikuwa hajasikia mtu akimcheka Leonsia tangu binti huyo afike. Kilimwingia kama asali kifuani. Akalitazama dumu la njano. Akawaza haraka, na mawazo yalikuwa matamu: koo mbili zitakunywa humo kesho, wazee na vijana, na hakuna atakayekohoa. Jumatatu atasimama mbele ya bodi. Atasema, haya, hesabu ya kuzidisha imefikia wapi?

"Chukua hili," alisema.

Miaka yote, alipompa mtu dumu la dawa, aliongeza maneno yaleyale: liache juani wiki nzima. Siku hiyo jua halikuwepo, mvua ilikuwa inanyesha kila alasiri, na posa ilikuwa kesho. Alifungua mdomo ayaseme. Akaona kwamba akiyasema atakuwa amekubaliana na Leonsia.

"Lisuuzeni vizuri," alisema tu.

Usingizi haukumkatalia. Alilala kama mshindi.

Asubuhi alivaa koti lake la harusi akashuka kwa Anastazi. Kulikuwa kumepambazuka safi, ndizi zinang'aa kwa maji ya mvua. Uani vijana walikuwa wamevaa mashati meupe, na katikati yao lilisimama dumu la njano, limejaa, limezibwa kwa jani bichi la mgomba, povu jembamba likichungulia pembeni. Kijana mmoja alikuwa anasokota ngata ya kuweka kichwani.

"Karibu, mkubwa wa madumu!" Anastazi aliita. "Ila umetukuta na kamsiba kadogo. Kideri kimeingia bandani."

Alionyesha nyuma ya nyumba, penye mgomba ambapo mama wa nyumba, Rozalia, humwaga maji ya kuoshea vyombo. Palikuwa na kidimbwi cha maji ya kijivu, majivu na kokoto chini yake. Kukizunguka, kuku wanne walikuwa wamelala miguu imenyooka. Jogoo alikuwa bado hai. Alizunguka akilalia ubavu, bawa moja likipiga matope, shingo imepinda nyuma, kisha akatulia.

"Walikuwa wazima jana?" Venance aliuliza.

"Wazima kabisa, shemeji," Rozalia alijibu. "Wamekunywa hapo alfajiri, nikasikia wanapiga kelele. Kideri cha mwaka huu ni kikali."

Venance alisimama. Kideri hakiui kuku watano dakika moja kando ya kidimbwi kimoja, alilijua hilo. Lakini pia alijua kitu kingine: maji hayo ni ya suuzo la kwanza. Rozalia hakika alisuuza tena, na tena. Huenda sumu yote iliishia pale kwenye tope. Huenda pombe ile haina kitu, watainywa, watacheza, na mambo yatakwisha. Uwezekano ulikuwa mdogo. Pengine mdogo sana.

Akatazama ndani ya mlango. Watoto wa Anastazi walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, maana siku ya posa hata wao huonjeshwa povu.

Akaikuta akili yake inazidisha. Uwezekano, halafu ukubwa wa madhara. Hakumwita Leonsia kichwani. Alikuja mwenyewe, na raba zake.

"Haya, mtwikeni," Anastazi aliwaambia vijana, na wawili wakalishika dumu wakaliinua hadi magotini.

"Shusheni!" Venance alipaza sauti hadi mbwa akabweka. "Shusheni chini. Hiyo pombe hainywewi."

"Umeingiwa na nini?" Anastazi alimjia. "Wakwe wanatungoja! Hujui ni aibu gani kwenda mikono mitupu?"

"Najua. Dumu ni la dawa ya kunguni, halikupata jua. Kuku wako hawakufa kwa kideri. Nilitakiwa nilitoboe, sikulitoboa."

"Uliniambia nisuuze!"

"Nilikuambia hivyo, ndiyo."

"Nani kakwambia pombe inaweza kuua mtu kwa dumu lililooshwa? Nani?"

Jibu lilikuwepo tayari, na hata wakati ule, kuku wakiwa wamelala pale na shemeji yake akimfokea usoni, kilichomzuia Venance ni kwamba lilikuwa jina la mtu. Angeweza kusema "daktari". Angeweza kusema "nilisikia redioni".

"Leonsia," alisema.

Anastazi alimtazama. Akamtazama jogoo. Kisha akawasukuma vijana kando, akalichomoa jani la mgomba yeye mwenyewe, akaliinamisha dumu. Pombe ya posa ya mwanawe ilimwagika ikichemka, ikatafuta mteremko, ikajaa kwenye kile kidimbwi cha mgombani, na harufu yake tamu ikaenea ua mzima. Ndipo vifaranga waliobaki, waliokuwa wamejificha chini ya ghala, wakatoka mbio kwa furaha kuelekea kwenye lile povu, na Rozalia akanyakua ufagio akipiga ukelele, na watoto wakatupa vikombe, na vijana wa mashati meupe, na Juvenali mwenyewe na viatu vyake vya posa, wote wakaingia topeni kuwafukuza.