Mafuta ya Kondoo kwenye Bunduki ya Bwana Tazama

Itangazwe kwa watu wote wa mteremko wa Meru, waliobatizwa na wanaosubiri kuona kwanza, wenye suruali na wenye lubega, ya kwamba mwaka wa 1912 Aminieli wa Akheri, msafisha bunduki, mume wa Eunike, mwenye migomba isiyozidi arobaini, alimwangusha Mdachi kwa kutumia kondoo. Wazee wasimame. Akina mama wapige vigelegele.

Aminieli mwenyewe hakusikia kigelegele chochote. Saa ile alikuwa amejificha nyuma ya mibuni, anaomba ardhi impokee bila maswali.

Mdachi aliyeangushwa alikuwa na jina lenye herufi zilizosongamana kama mbuzi mlangoni. Watu wa shamba lake, kule chini karibu na Kikwe, walimwita Bwana Tazama, kwa kuwa hakuweza kuanza sentensi bila kuamuru watu watazame kitu. Tazama, mvua! Tazama, kahawa! Na mwaka ule: tazama, bunduki!

Ilikuwa bunduki ya marisau, mpya, imekuja kwa meli, ikapanda treni, ikamalizia safari kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Bunduki ya zamani ulipiga mara mbili, ukaifungua, ukajaza tena, na ndege amekwisha fika Moshi kusalimia ndugu zake. Hii ilipiga mara tano bila kufunguliwa. Ilitema ganda yenyewe, ikajilisha risasi yenyewe. Lakini alichojivunia Bwana Tazama kupita vyote ni kwamba haikupiga teke. Mtutu ulipofyatuka ulirudi nyuma juu ya mrija wa risasi ulio chini yake, na hapo palikuwa na pete ya shaba iliyoushika mrija ule kama bibi anavyomshika mjukuu mkono gulioni. Kilichobaki kilimezwa na springi. Begani uliletewa msukumo mdogo tu, kama mtu anayekuomba umpishe njia.

Kulikuwa na sharti moja, na Aminieli alifundishwa sharti hilo mara tatu, mara ya tatu kwa kelele. Mrija uwe mkavu. Tone moja la mafuta, kisha ufutwe mpaka kitambaa chenyewe kiseme basi. Pete ikiteleza, haishiki. Isiposhika, teke lote ni la bega.

Alhamisi, Bwana Tazama alimkuta Aminieli ameisimamisha bunduki kitako kikiwa vumbini. Alimzaba kofi. Halikuwa kofi kubwa. Aminieli alikwisha pigwa makofi makubwa zaidi na wajomba zake. Ila lilipigwa mbele ya wanawake wachumao kahawa, na mmoja wao alicheka.

Ijumaa alikaa barazani kusafisha. Nyumbani kwake Eunike alikuwa na siku nne tangu ajifungue, kondoo amechinjwa kama ilivyo desturi, na Aminieli alikuja kazini na pembe ndogo iliyojaa mafuta ya mkia kwa ajili ya nyufa za miguu yake. Alipoivua bunduki mti wake wa mbele, akauona ule mrija: mkavu, wa kijivu, kama muundi wa bikizee wakati wa kiangazi. Kwao, kitu kikavu hakiachwi hivyo. Mtoto mchanga hupakwa, bibi harusi hupakwa, mgeni wa heshima hupakwa. Akachovya kidole. Akapaka. Akachovya tena. Alipaka mpaka pete ikateleza juu na chini kama mtoto kwenye matope, akairudisha bunduki mahali pake, akaenda zake.

Jumamosi wazungu wa mashamba ya jirani walikuja na wake zao kutazama. Visahani vya udongo, vilivyochomwa katika tanuru la matofali, vilirushwa angani na mtambo wa springi, na kazi ya mwungwana ilikuwa kuvivunja kabla havijaanguka na kuvunjika vyenyewe. Lesikar, Mwarusha wa Sokon aliyekuwa mbeba bunduki, alijaza risasi tano. Bwana Tazama akasimama mbele ya meza ya vyakula, tumbo nje.

"Tazameni! Haipigi teke!"

Kisahani kikaruka. Bunduki ikalia. Teke lilimpiga begani mpaka kofia ikamtoka, na kwa kushtuka akakaza mkono, kidole nacho kikakaza. Bunduki ile, kwa kuwa ilijilisha yenyewe na haikujua huruma, ikapiga tena. Risasi ya pili ililenga mbingu. Bwana Tazama akaenda kinyumenyume, akaipindua meza, akalala juu yake, supu kifuani, mfupa wa mtulinga umelia kama kijiti cha kuwashia moto. Kisahani kilitua salama kwenye majani.

Wazungu walimeza mate kwa heshima, kisha wakacheka mpaka wengine wakashikana.

"Nani kajaza?" akaguta Bwana Tazama toka kwenye supu. "Tazama, risasi kubwa! Kaweka risasi za nguruwe!"

"Ni zilezile, Bwana Mkubwa," alisema Lesikar.

"Jumatatu, boma! Hamsa ishirini!"

Hamsa ishirini haikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote wa nchi ile. Ni viboko ishirini na tano, vya ngozi ya kiboko, umelala kifudifudi mbele ya watu. Lesikar akafungiwa katika ghala la kahawa. Na nyuma ya mibuni, Aminieli aliutazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyemwomba autunze kwa muda.

Jioni, jua halijazama, alimpelekea mfungwa chakula. Askari mlinzi alikuwa anasinzia.

"Mmeru," Lesikar alisema toka gizani, "umeniletea nini?"

"Ndizi."

"Za nyama?"

"Za maharage."

"Basi kweli nimefungwa."

Alikula taratibu. Aminieli alichuchumaa mlangoni, akitafuta pa kuanzia.

"Bunduki ile ilikuwa inanuka kondoo," alisema Lesikar.

Aminieli alificha vidole vyake kwapani.

"Mimi nimelala na kondoo nyumba moja kabla sijajua kutembea. Namtambua hata akivaa koti."

"Sasa mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Mkeo ana siku ngapi?"

"Tano."

"Ukilazwa kifudifudi majuma mawili, nani atamkatia ndizi? Mimi Nasieku wangu ni mzima, ana nguvu kunishinda. Akisikia nimechapwa hatauliza kosa gani. Atachagua mwenyewe, anayo mengi."

Aminieli angetukanwa, angepumua. "Nilisahau," alisema. "Nilipitiwa tu."

Lesikar aliacha kutafuna.

"Sikusahau," Aminieli alisema, kwa sauti ndogo. "Niliposhika pembe nilikuwa nakumbuka neno lake, uwe mkavu. Na kofi nalikumbuka. Sijui mkono ulifuata lipi."

Lesikar alicheka kidogo, kisha akaacha. "La mafuta, ukitaka, mwambie Bwana. La kofi usimwambie mtu. Watakunyonga kwa ajili ya kondoo."

Jumapili kanisani Aminieli alifungua kinywa wakati wa wimbo, hakuna kilichotoka. Eunike alikuwa nyumbani na mtoto, lakini mumewe alipoondoka asubuhi alimwuliza mbona amelala na viatu. Aminieli alitoka ibadani kabla ya baraka, akateremka hadi shambani, akamkuta Bwana Tazama barazani, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa chenye maua cha mkewe.

"Bwana Mkubwa, Lesikar hana kosa. Nilipaka mrija mafuta ya kondoo."

"Kondoo?"

"Wa uzazi, Bwana."

Bwana Tazama aligeukia meza. Barua ya boma ilikuwa tayari imeandikwa, wino umekauka: risasi zimebadilishwa kwa hila. Hila ni jambo la heshima. Mtu anaweza kuvunjwa mtulinga kwa hila na bado akala mezani na wenzake. Lakini kondoo! Ikisomwa bomani kwamba kaangushwa na mkia wa kondoo, itasomwa tena Moshi, na Tanga watamwimbia.

"Tazama, unaongopa ili kumwokoa rafiki."

"Siongopi."

"Basi piga mwenyewe!" Macho yalimng'aa kwa mara ya kwanza tangu jana. "Zijazwe zote tano. Hivyohivyo, na mafuta yake."

Mtu mweusi kupewa bunduki apige shambani lilikuwa kosa kisheria, lakini sheria ya bega linalouma ni kubwa zaidi. Lesikar alitolewa ghalani aje kushuhudia. Aminieli alikaza kitako begani kama alivyoona wakifanya, akafumba macho yote mawili.

Teke la kwanza lilimkalisha. Akasimama. La pili lilimpeleka kwenye mibuni. La tatu alilia, bila aibu. La nne hakulisikia kwa sikio ila kwa meno. Kabla ya la tano Lesikar alisema, "Bwana, umeona, yatosha," na Bwana Tazama akasema, "Tano." Likapigwa.

Kisha mrija ukafutwa kwa kitambaa mpaka ukawa mkavu, ikajazwa risasi moja. Aminieli akapiga, akingoja kufa. Bunduki ikamsukuma kidogo tu, kwa adabu.

Bwana Tazama aliichana barua. Lesikar aliachiwa palepale. Kwa Aminieli haikuandikwa barua yoyote, kwani ingebidi kuandika kondoo. Aliambiwa tu kwamba kuanzia Jumatatu atachimba mifereji, na akithubutu kusema neno atalijua boma. Hakusema neno. Lesikar ndiye aliyesema, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imepanda hadi Akheri na kuzunguka mlima.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Hata Lesikar alikuja, hajabatizwa wala hana mpango, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mzee Solomoni, mzee wa kanisa, alimwita Aminieli mbele. Aminieli alikwenda polepole, mkono wa kulia umening'inia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Solomoni aliwageukia watu, akainua mikono. "Ndugu zangu, mtu huyu angeweza kunyamaza. Mwenzake angechapwa, yeye angelala. Lakini Roho hakumwacha! Alikwenda mbele ya mkubwa wa dunia hii akatoa kila kilichokuwa moyoni mwake, hakubakiza hata chembe. Sasa, mwanangu, waambie hawa wajifunze. Saa ile ulipotubu, ulihisi nini?"

Aminieli alitazama benchi la mwisho. Lesikar alikuwa anatazama dari. Chembe iliyobakizwa, ile ya kofi, ilikuwa palepale, imekaa chini ya ulimi, na kanisa zima lilikuwa linamngoja aiteme.

"Bega," alisema, akarudi kukaa.