Kondoo wa mke wangu alikufa njaa katikati ya majani

Wakuu, habari zenu. Niko Kisangani, Congo, upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Kiswahili changu mnivumilie, ndicho cha kwetu.

Ninayoandika ni kweli tupu, na kuna mtu mmoja sijamweleza mpaka leo. Mtamjua mbele.

Tulipooana, baba yake mke wangu Zaina alimpa kondoo jike. Mzee anaishi Maniema, amefuga maisha yake yote. Ana tabia moja: akifika kwa mtu, kwanza anapitisha mkono mgongoni mwa mnyama. Halafu ndiyo anasalimia watu.

Alimwambia Zaina, "Huyu ni wako. Hata mambo ikiharibika, uko na kitu."

Bon. Mwaka jana yule kondoo akabeba mimba.

Mimi ni seremala, kazi yangu iko mjini, kila asubuhi navuka mto na pirogi, mtumbwi wetu wa huku. Kabla ya kuvuka namfunga kamba karibu na reli, majani yanafika kifuani. Jioni namfungua. Kila siku palepale, kwa sababu ni njiani kwangu. (Uvivu, wakuu. Acha niuite kwa jina lake.)

Kwetu mvua si tatizo, kila mahali kijani. Nani angewaza njaa pale?

Tumbo likawa kubwa, nami nikafurahi, nikasema ameshiba.

Zaina akaniambia: "Anakula kidogo, anaacha. Mi nikiwa na mimba ya mapasa, chakula ilikuwa inakosa nafasi. Umuongezee matembele, kidogo kidogo."

Mapasa ndiyo mapacha, wetu wana miaka mitatu sasa. Matembele ni majani ya viazi vitamu.

Nikacheka. "Ile iko kondoo, Zaina, haiko mutu. Chakula inamufika kwenye shingo!"

Hilo neno nalijutia mpaka kesho.

Wiki mbili kabla ya kuzaa akaanza kujitenga. Kichwa chini, majani hayagusi. Siku iliyofuata akalala, hataki kuinuka. Nikamwita jirani, tonton Lisasi (tonton ni mjomba), mfugaji wa zamani. Hakuuliza mengi, akamshika mgongo.

"Huyu iko na njaa."

"Tonton, njaa? Hapa?"

"Haya majani imezeeka, imekuwa miti. Kama iko peke yake ingemutosha. Lakini ndani mule kuna watoto wanamukula."

Alizaa kabla ya siku zake, asubuhi ya Ijumaa. Wawili. Mmoja hakupumua. Wa pili akajikokota akatafuta ziwa la mama, halina kitu. Kesho yake mama naye akafa. Zaina alimshika kichwa mpaka mwisho.

Hakunigombeza hata kidogo. Heri angenigombeza, jamani.

Siku chache baadaye mzee akapiga simu kuuliza kondoo anaendeleaje. Nilikuwa nimesimama pale pale. Zaina akajibu, "Papa, ugonjwa ilimubeba."

Mimi nikatoka nje, nikaanza kukunja ile kamba.

Donc, wenye kondoo wenye mimba, kijani kisiwadanganye. Majani marefu yaliyokomaa hayana nguvu. Mpeleke kwenye mafupi na laini, na kamba uihamishe kila siku. Mwezi na nusu wa mwisho ndipo watoto wanakua kwa haraka na tumbo la mama linabanwa, kwa hiyo ongeza matembele na pumba kidogo, umpe mara kadhaa kwa siku, maji yawe karibu.

Usiangalie tumbo. Shika mgongo. Ukiona unahesabu mifupa, ana njaa huyo, hata kama amesimama kwenye msitu.

Yule mtoto aliyebaki Zaina alimlea kwa chupa. Yuko hai, lakini hajakua. Wa umri wake kwa tonton Lisasi wamemzidi karibu mara mbili.

Sasa mzee anakuja Idi hii kuona wajukuu wake.  Tangu tusikie hivyo, kila asubuhi namwona Zaina anamkatia yule kondoo mdogo matembele, rundo ambalo hawezi kulimaliza.

Wakuu, nishaurini, hata mkitaka kunitukana nitukaneni. Nimpigie mzee nimweleze ukweli kabla hajapanda treni, au niache uongo wa mke wangu usimame?

Maana akifika hatatuuliza kitu. Atapitisha mkono mgongoni.