Mkutano wa Saa Tatu Asubuhi

Nilikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne, na kilichonikera kuliko damu, kuliko kukosa usingizi, kuliko hata wakubwa wetu, kilikuwa maji. Mama anajifungua upande huu, na upande ule namwambia mumewe achukue mitungi akatafute maji. Siku moja, katika zahanati ndogo huko Igembe, nilimpokea mtoto nikanawa mikono kwa maji ya dripu kwa sababu mengine hayakuwepo. Nikajiambia imetosha.

Watu wengine wakichoka na kazi hulalamika. Mimi nilijiandikisha kusomea usimamizi wa miradi mjini Meru, Jumamosi baada ya Jumamosi, na wanafunzi wenzangu walikuwa wamezaliwa nikiwa tayari kidato cha nne. Mwalimu alipotufundisha kwamba mradi lazima uwe na mwanzo na mwisho, nilicheka peke yangu. Wodi haina mwisho. Lakini ndicho nilichokuwa nakitaka: kitu kimoja nikianze, nikimalize, nikione kwa macho.

Shirika moja likaniajiri kuwa meneja wa mradi wa maji. Bomba lilitakiwa kutoka chemchemi, lipite mashambani, liingie katika zahanati ile ile. Sikuhitaji kuelezwa umuhimu wake. Mkurugenzi alikuwa kijana wa suruali za kubana aliyejua kila kitu kupitia kompyuta. Aliniita sista mbele ya wahandisi, na chai ikiletwa alinisukumia birika. Nilimimina mara mbili. Mara ya tatu niliacha birika likapoa palepale mezani, na hakuna aliyekunywa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupata ruhusa ya wenye mashamba. Niliitisha mkutano saa tatu asubuhi, karibu na Kangeta, huko huko Igembe. Watu walijaa. Wenye kujua kuandika walisaini, wengine wakaweka kidole gumba, picha zikapigwa, na nilirudi ofisini najiona mtu. Mkurugenzi mwenyewe alisema kazi safi.

Wiki ya pili ya kuchimba, mwanamume wa makamo akaingia mtaroni na panga mkononi, akasimama. Hakuwa anatutisha, alikuwa ametoka nalo kazini tu. Mbele yake fundi wetu alikuwa amefika kwenye mizizi ya mbaine, ile miraa mikongwe ambayo mtu hurithi kwa babake na kumwachia mwanawe, na hakuna anayethubutu kuikata.

"Daktari," aliniambia, maana huko kila aliyewahi kukudunga sindano ni daktari, "hao walisaini shamba yangu ni akina nani? Hakuna hata mmoja ako na mti hapa."

Nilimwonyesha orodha. Hakuitazama.

"Saa tatu kila mwenye shamba ako juu ya miti. Miraa ikichelewa, gari inaenda. Ulitaka tushuke tukusikize, halafu tuuzie nani?"

Niliona aibu, kisha nikakasirika, na hasira ilianza na mimi mwenyewe. Saa tatu ilikuwa saa yetu ya raundi wodini. Kwa miaka kumi na minne nilizoea watu waliolala. Ukifika unawakuta, kwa sababu hawana pa kwenda. Nilitoka na saa yangu ya wodini nikawapelekea watu wazima wenye shughuli zao, na wale wasiokuwa na mti wa kuchuma ndio walionipa ruhusa ya kupita katika mashamba ya wenzao. Siwezi hata kusingizia ugeni. Mimi ni mtu wa Nkubu. Kwetu ni kahawa na ndizi, lakini ni nani Meru hii asiyejua kwamba miraa huchumwa asubuhi?

Niliomba msamaha palepale mtaroni, nikaitisha mkutano mwingine saa tisa alasiri, magari yakiwa yameshaondoka. Walikuja wamechoka, mikono ina utomvu, na walinichamba ipasavyo kabla ya kukubali. Bomba lizunguke mbaine. Hiyo sehemu ya kuzunguka mpaka zahanati wangeichimba wenyewe, bure, kwa sababu wake zao ndio wanaojifungulia pale. Walichoomba kwangu ni mabomba ya ziada tu, na niliwaahidi. Sikutakiwa kuahidi kabla ya kuuliza, najua.

Mkurugenzi alikataa hata kuangalia mchoro mpya. Wafadhili walikuwa wanakuja, alisema, na muda umekwisha. Bomba liishie barabarani, kabla ya mbaine, pawekwe mfereji wa kuchotea maji hapo, na mradi uandikwe umekamilika. Watu wa zahanati watakuja na mitungi.

Nilimuuliza kama anajua kutoka barabarani hadi chumba cha kujifungulia ni mlima wa namna gani, na nani ataupanda na mtungi wakati mama anavuja damu. Alitabasamu.

"Sista, sisi tunajenga bomba. Hatuzalishi."

Karatasi ya kukamilisha mradi ilikuwa mezani, na mahali pa sahihi palikuwa pangu. Sikuweka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu mama yangu atasoma. Akaivuta karatasi, akasaini yeye, na kabla ya wiki kwisha nikaambiwa mkataba wangu umefika mwisho. Sasa hata mimi nilikuwa nimekamilika.

Siku nne baadaye, nikiwa nyumbani nachambua mboga, yule mwenye mbaine akanipigia simu. Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu, na mimi kwa aibu nilikuwa nimenyamaza. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Daktari, tumechimba mpaka kwa mlango ya zahanati. Hizo mabomba zinafika lini?"

Nilimwambia hayafiki. Nikasikia nyuma yake watu wakicheka na majembe yakigonga mawe. Kisha akauliza ni nani amesema hivyo.

Nilimweleza yote. Nikamwelekeza ofisi ilipo, ghorofa ya ngapi, mlango upi. Nikamwambia wasiende wawili watatu, waende wote waliochimba, na majembe yao, na udongo wao miguuni. Nikaacha mboga sufuriani, nikavaa viatu, nikatangulia kuwasubiri mlangoni pa ile ofisi.